Sehemu ya Pili ya Saulo

Abiria walishuka Chimala wamenuna. Basi lilikuwa limesimama ili watu wajinyooshe na kuchimba dawa. Wauza mayai na mahindi ya kuchoma walilikimbilia kama kawaida yao, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya mahindi. Watu walikuwa wamemzingira kondakta mlangoni, kila mmoja ana lake.

“Konda, ndiyo filamu gani hii mnatuwekea? Mtu anafukiwa na shimo la dhahabu, mkewe anakaa pale nje na sufuria ya chakula, halafu giza! Imekwisha! Sasa amekufa au hajafa?”

“Mzee, mimi ni konda. Filamu sikutengeneza mimi.”

“Bora ungetuwekea kwaya!”

Bibi mmoja alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Filamu yenyewe ilikuwa ya Kikorea, ila mnajua wenyewe, siku hizi hapa nchini Mkorea haongei Kikorea. Filamu inapita kwanza kwa mtafsiri, naye anaiongelea juu kwa juu kwa Kiswahili, anawapa watu majina ya kwetu na kutia chumvi zake. Mchimbaji yule alikuwa amepewa jina la Saulo, na mkewe Anjela. Aliyewapa majina hayo ni kijana wa Mbeya anayejiita Mjomba wa Soweto.

Na Mjomba mwenyewe alikuwa pale pale! Alikuwa amejibanza nyuma ya muuza mayai, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Jina lake halisi ni Lutengano. Siku zote akisikia sauti yake kwenye basi hutembea kifua mbele, lakini leo aliona aibu, akaomba Mungu asitokee mtu wa kumtambua.

Kando yake alisimama msichana mrefu, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa kiunoni, nywele kasuka twende kilioni. Macho yalikuwa mekundu.

“Na huyo mtafsiri ana roho mbaya,” alisema yule msichana. “Angepungukiwa nini angesema tu kwamba Saulo ametolewa?”

“Labda alisema kilichomo, dada,” Lutengano akajibu, sauti kaipunguza.

“Kilichomo! Si huwa wanaongeza maneno kila siku? Mara Saulo anataka ugali wa moto. Korea kuna ugali? Kwenye ugali anaongeza, kwenye uhai wa mtu anabana!”

Lutengano alicheka bila kupenda. Angeishia hapo, akanunua hindi lake na kurudi kwenye kiti, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini mwanamume akishaona macho mazuri yanatoka machozi, mdomo wake hausubiri akili.

“Usilie, dada. Ipo sehemu ya pili.”

“Acha wewe!”

“Haki ya Mungu. Saulo anarudi.”

Msichana alimgeukia mzima mzima. “Umeiona?”

“Nina rafiki yangu, anaitwa Abdul, ana duka la filamu mtaani kwetu Soweto, Mbeya. Anayo.”

Hakuna kitu kama hicho duniani. Filamu ile haikuwa na sehemu ya pili, na Lutengano alijua kuliko mtu yeyote ndani ya basi lile. Lakini uso wa yule msichana uling'aa, akaanza hata kuona njaa. Walikula hindi moja, wamelikata katikati. Anaitwa Eveline Kalinga, ni fundi cherehani Iringa, Mashine Tatu, na alikuwa Mbeya kufuata vitenge soko la Mwanjelwa. Basi lilipofika Ipogolo, mlangoni mwa Iringa, namba yake ilikuwa tayari kwenye simu ya Lutengano.

Simu zikaanza.

“Umekula?”

“Nimekula. Wewe?”

“Nitakulaje na wewe uko Iringa?”

“Toka hapa! Saulo wangu yuko wapi?”

“Anakuja, mpenzi.”

“Kila siku anakuja. Ndivyo mlivyo wanaume wa Mbeya, mnakuja kwa mdomo?”

Walipendana, jamani, tusiwafiche. Eveline alikuwa anakanyaga cherehani simu kaibana begani, wateja wanalalamika kwamba mikono ya magauni yao imeshonwa kinyumenyume. Lutengano naye alikuwa anasahau mpaka sufuria jikoni. Lakini kila wakikaribia kuagana, Saulo anaulizwa. Mwishowe Lutengano akaenda kwa Abdul.

“Ile filamu haina sehemu ya pili, na wewe unajua,” Abdul akamwambia.

“Najua. Lakini yule jamaa si amecheza nyingine? Ile ya baharia aliyezama akapoteza kumbukumbu, mwishoni anarudi kwa mkewe.”

“Mke wa baharia ni mwanamke mwingine kabisa! Mfupi, mnene!”

“Nitasema mawazo yamembadilisha.”

Abdul alicheka mpaka akashika kaunta. Alipomaliza akamtazama rafiki yake vizuri. “Lute, yaani unamwongopea mtoto wa watu?”

“Simwongopei. Namfurahisha.”

Alijifungia chumbani, akatundika blanketi dirishani kuzuia kelele za bodaboda, akaifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Baharia akawa Saulo. Mawimbi akayaeleza kuwa ni maji yaliyojaa chini ya machimbo, yakamsomba Saulo na kumtoa upande wa pili wa mlima. Yule mke mfupi alipotokea, Mjomba wa Soweto akasema: “Anjela msimshangae, jamani, kilio kimemkausha sura!” Na ili inoge, mwanzoni kabisa akaongeza la kwake: “Ndugu watazamaji, hiki ni kisa cha kweli, kilitokea.” Wenzake wote husema hivyo, hakuna anayeona ni dhambi.

Aliipeleka Iringa mwenyewe, flashi mfukoni, shati jipya mwilini. Walitazamia chumbani kwa Eveline, kati ya cherehani na marundo ya vitenge. Sauti ilipoanza tu, Eveline aliruka.

“Ni wewe! Mjomba wa Soweto ni wewe!”

“Nisamehe, bebi.”

“Nilikutukana Chimala, na wewe umesimama unanitazama?” Akampiga kwa kanga, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Saulo alipofungua mlango wa nyumba yake, Eveline hakucheka tena. Alilia kimya, mkono wake umemshika Lutengano.

“Naomba niichukue,” alisema baadaye. “Nataka mama aione, kule Ilula.”

“Kumbe mama mkwe anapenda filamu?”

Eveline alikunja kanga yake, akaikunjua. “Siku nyingine nitakuambia.”

Siku hiyo ilifika, kwa simu. Lutengano alikuwa dukani kwa Abdul.

“Lute, mama amekataa misa.”

“Misa gani, mpenzi?”

“Ya kaka yangu. Vitus.” Akavuta pumzi. “Alifukiwa na shimo la dhahabu kule Chunya, mwaka jana. Hawakumtoa. Ndiyo maana siku ile nililia vile. Mama alikuwa amekubali kwamba amekufa, yeye mwenyewe kabisa, akaweka na nia ya misa jina lisomwe pamoja na marehemu wengine. Sasa ameiona sehemu ya pili. Anasema kama Saulo alitokea upande wa pili wa mlima, Vitus naye atakuwa ametokea mahali. Kila jioni anampakulia chakula, Lute. Anamfunikia.”

Lutengano alitoka nje ya duka.

“Lute? Uko hapo?”

“Nipo.”

“Mwanzoni ulisema ni kisa cha kweli. Niambie, ni kweli?”

Nafasi hiyo hapo, kaletewa mkononi! Neno moja tu lilihitajika. Lakini aliona aibu, na aibu ikamtuma vibaya. Aliogopa Eveline akate simu asipige tena.

“Ndivyo... ndivyo walivyoandika,” akasema. “Mungu ni mwema, Eva. Usimkatishe mama tamaa.”

Ningekuwa karibu ningemzaba kofi.

Eveline alishika neno lile kwa mikono miwili. Naye akaanza kuota. Kwa nini mtu asipone? Si ilitokea, na imeandikwa? Akaenda duka moja la filamu mjini Iringa, akauliza kama ipo sehemu ya tatu ya Saulo. Muuzaji hakumwelewa. Eveline akamwonyesha sura ya mchezaji kwenye simu yake.

“Aa, huyu! Hii ni filamu ya baharia, dada. Ninayo, kaitafsiri mwingine.” Akaiweka kwenye runinga ya dukani. Nyumba ile ile na mlango ule ule. Yule mwanamke mfupi alikuwa anaitwa jina lingine, hajawahi kuwa Anjela, na mumewe hajawahi kuingia kwenye shimo lolote.

“Nani alikuambia ni mchimbaji?” muuzaji akauliza, na vijana waliokuwa benchini wakaangua kicheko. “Umepigwa, dada! Umeuziwa mbuzi kwenye gunia!”

Eveline alitoka pale uso unawaka. Kila aliyepishana naye barabarani alimwona kama anajua. Hakumpigia Lutengano siku hiyo. Alimpigia asubuhi, na sauti haikuwa na mpenzi wala bebi.

“Filamu ni ya baharia.”

Lutengano aliketi ukingoni mwa kitanda.

“Nakuuliza, Lutengano!”

“Ni ya baharia, Eva. Nisamehe. Sikujua habari za Vitus, nakuapia.”

“Ulipoitengeneza hukujua. Hilo nimelielewa, na ningekusamehe, ningekucheka hata. Lakini nilikupigia nikakuambia. Nikakuambia anampakulia chakula! Ukaniambia Mungu ni mwema!”

“Niliona aibu.”

“Uliona aibu. Mimi na mama tukae na aibu yako, siyo?” Akakata.

Lutengano alipiga, simu haikupokelewa. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi, haukujibiwa. Hakutafsiri filamu hata moja wiki hiyo. Kila akiketi mbele ya kipaza sauti, sauti yake mwenyewe inamchefua. Abdul alimletea wali, ukapoa mezani.

Kisha, Alhamisi asubuhi, jina la Eveline likatokea kwenye simu.

“Sikupigii kwa mapenzi,” alisema mara moja. “Nimemwambia mama ni uongo. Hanisikii. Anasema nina haraka ya kumzika kaka yangu. Leo amepanda basi, anakwenda Chunya na picha ya Vitus, anasema atazunguka machimbo yote. Simu yake haipatikani. Atashuka Nane Nane, hapo Mbeya, mchana. Niko nyuma yake, basi langu limechelewa.”

“Nitampokea.”

“Usimpokee kwa maneno yako matamu. Mwambie. Anaiamini ile sauti yako kuliko ya kwangu mimi niliyetoka tumboni mwake.”

Stendi ya Nane Nane ilikuwa imejaa kama kawaida. Lutengano hakuwa amewahi kumwona Verediana, mama yake Eveline, lakini alimtambua alipokanyaga tu ngazi ya basi: urefu wa Eveline, sweta la buluu juu ya gauni, kitenge kiunoni, begi kubwa kalikumbatia kifuani. Alipita kwa mpiga debe mmoja na wa pili, anawauliza wote magari ya Chunya.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu, hivi magari ya...” Akainamisha kichwa, akasikiliza kama redio iko mahali. “Hebu sema tena.”

“Shikamoo, mama. Mimi ni Lutengano. Eveline amenituma.”

“Hee! Ni wewe! Ni wewe uliyesema kwenye filamu!” Uso wote ulicheka, akamsalimu kwa Kihehe. “Kamwene, baba, kamwene! Mungu amekuweka njiani kwangu. Haya, nionyeshe gari. Nimemletea suruali na sweta, huko aliko hana nguo.”

Lutengano alipokea begi. Lilikuwa jepesi. Gari la Chunya lilikuwa linaunguruma pale pale, kiti cha mbele kiko wazi. Angeweza kumpandisha na kusema tutaonana, mama, safari njema, na mama angemshukuru. Moyo wake ulitaka hivyo, msione ajabu.

“Mama, naomba tukae kidogo.”

“Nitakaa nikimpata.”

“Mama, ile sehemu ya pili nimeitunga mimi.”

“Umeitunga vipi, na mimi nilimwona kwa macho yangu?”

“Ulimwona mchezaji. Ile ni filamu nyingine, ya baharia aliyezama. Maneno yote niliyaweka mimi.”

Verediana alimtazama. “Na Anjela?”

“Ni mwanamke mwingine.”

“Nilisema,” alisema taratibu. “Nilimwambia Eveline, huyu siye.” Kisha akashika mkono wa begi, upande wake. “Na lile la kisa cha kweli?”

“Ni langu pia.”

“Kwa nini?”

Wapiga debe wawili walikuwa wameacha kuita abiria, wanasikiliza. Mama mmoja muuza ndizi naye alisogea. Lutengano aliwaona wote.

“Nilitaka mwanao anipende,” akasema.

“Na Vitus?”

Lutengano alitazama chini, kwenye viatu vya plastiki vya yule mama, vina vumbi la Ilula.

“Usitazame chini! Uliposema anarudi ulisema kwa sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia. Sema na sasa. Kwa sauti ile ile.”

“Vitus amekufa, mama. Harudi.”

Verediana aliachia begi. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya stendi, akavuta kitenge kikamfunika kichwa, akalia. Watu walikusanyika. Alilia kwa kuomboleza, kilio ambacho baadaye Eveline alisema hawakuwa wamekisikia nyumbani tangu habari za shimo zilipofika.

“Nilikuwa nimeshamwachia Mungu,” alisema katikati ya kilio. “Ukaja ukamchukua kule, ukanirudishia. Nikampikia. Leo unaninyang'anya tena, stendi, mbele za watu!”

“Wewe kijana, umemfanya nini mama wa watu?” mpiga debe akafoka. “Umemwibia?”

“Mshike huyo!” akasema mwingine.

“Ni mimi nimemliza,” Lutengano akasema. “Nilimdanganya.” Hakusema zaidi. Akapiga magoti kando ya begi, akaacha wamtukane, na walimtukana vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Muuza ndizi alisema mama aliyezaa kitu kama hiki alipata hasara. Kwao Lutengano ni Soweto, mwendo wa bodaboda tu, na kati ya wale watu, wawili walikuwa wanamfahamu tangu mdogo.

Hivyo ndivyo Eveline alivyowakuta alipofika. Alipenya kati ya watu, akapiga magoti upande wa pili wa mama yake.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Yote?”

“Yote, Eva. Na kwa nini nilifanya.”

Eveline alimkumbatia mama yake, wakalia pamoja, na Lutengano akabaki kashika begi, hajui alishike vipi. Baada ya muda mrefu Verediana alifunua kichwa. Macho yalikuwa yamevimba.

“Mpigie katekista,” akamwambia binti yake. “Jumamosi ijayo jina lisomwe.”

“Sawa, mama.”

“Na huyu naye aje.” Hakumtazama. “Asije kwa simu. Aje akae pale mbele, ndugu zangu wamwone. Wote wanajua nilichokuwa napakua kila jioni. Wananicheka. Aje awaambie ni nani aliyenifanya vile.”

Eveline ndiye aliyemtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu afike. “Utakuja?”

“Nitakuja.”

“Watakusema.”

“Wana haki.”

Alikwenda. Alivaa suruali nyeusi na shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, kola imemkaba. Ilula siku hiyo ilikuwa na jua, nyanya na vitunguu vimepangwa kando ya barabara kama siku zote, ila meza anayouzia Verediana ilikuwa tupu. Kigangoni walimweka benchi la mbele, upande wa wanaume. Padre alisoma majina ya marehemu, na alipofika kwa Vitus Kalinga, Verediana aliitikia kwa sauti na watu wote. Kisha Lutengano akasimama, akageuka, akawaeleza ndugu wa mke ambaye hakujua kama atampata kwamba Verediana hakuchanganyikiwa. Alidanganywa, na aliyemdanganya ni yeye. Alizungumza vibaya sana. Yeye aliyepata riziki kwa mdomo wake miaka yote alikwama, akarudia maneno, akasahau hata kusema samahani mpaka alipokwisha kukaa, ikabidi asimame tena. Hakuna aliyemsaidia. Kikohozi kimoja kilitoka nyuma, basi.

Nyumbani walipokaa kula, hakuna aliyesogea kumpisha. Alisimama karibu na mlango, sahani mkononi, hamu hana. Baba mdogo wa Eveline, Tadeo, mzee mwenye kofia ya sufu, alimpima kutoka juu mpaka chini.

“Eveline,” aliita, wote wasikie. “Huyu aliyetutia aibu, hapa kwetu ni nani? Maana misa imekwisha, maneno yake tumeyasikia, na bado yupo.”

Vijiko vilisimama. Lutengano alitazama mlango. Eveline alikuwa amebeba jagi la maji, anawanawisha wageni, gauni jeusi, kichwani kilemba. Alimaliza kwanza mikono ya mtu aliyekuwa mbele yake. Aibu ilikuwa imemjaa usoni, na sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

“Ni mchumba wangu, baba,” alisema. “Ametukosea, na ni wangu.”

Tadeo aligeuka kumtazama Verediana. Verediana alitafuna, akameza.

“Basi asogee,” alisema. “Anazuia mlango.”

Lutengano alisogea, akakaa chini penye nafasi, na Eveline akaja na jagi akamnawisha mikono mbele ya ukoo mzima.